Kazi: Mkulima
Mhadhara kuhusu saratani za damu kwa wakulima na wafanyakazi wa misitu



Nianze na karatasi. Mgonjwa akilazwa, faili lake huwa na ukurasa wa mbele wenye jina, umri, makazi, jina la ndugu wa karibu, na mstari mmoja ulioandikwa "Kazi". Mara nyingi anayeujaza ni karani wa mapokezi, kalamu mkononi na foleni ndefu dirishani. Kwa wagonjwa wa saratani za damu wanaotoka vijijini utakuta mstari huo umejazwa neno lilelile, faili baada ya faili: mkulima. Mkulima wa nini? Wa mahindi ya chakula ambaye hajawahi kushika chupa ya dawa maishani? Au wa nyanya, anayepiga dawa kila wiki tangu kuhamisha miche mpaka mchumo wa mwisho? Alilima pamba enzi za ushirika? Alikata mbao ujanani kabla ya kurudi kijijini? Karatasi haisemi, na daktari akiipokea haulizi, kwa sababu ameshaona mstari umejazwa.

Mwaka 1700 daktari Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, akawasihi matabibu waongeze swali moja kwenye yale ya kawaida: mgonjwa huyu anafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 baadaye tumelitengea swali hilo mstari mmoja.

Ninachodai leo ni hiki. Kuhusu uhusiano kati ya kazi za shamba na msitu na saratani za damu, dunia imeshajua mambo ya kutosha kumkinga mtu na kumfidia. Kinachokosekana ni takwimu zetu wenyewe hapa Tanzania, na zinakosekana kwa sababu hatujauliza. Kibaya zaidi, pengo hilo tumelichukua kama hati ya usalama: hakuna ushahidi hapa nchini, basi hakuna tatizo hapa nchini.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa kifupi. Ndani ya mifupa mna uboho, na uboho ni kitalu. Humo chembe za damu huoteshwa, hukuzwa, kisha hutolewa kwenda kazini: nyekundu zibebe oksijeni, nyeupe zipambane na maradhi, chembe sahani zizuie damu isivuje. Saratani huanza chembe moja inapopata hitilafu kwenye vinasaba vyake, ikawa inazaana bila kikomo. Ikiujaza uboho na damu, ni lukemia. Ikijikusanya kwenye tezi za shingo, kwapa, kinena au ndani ya tumbo, ni limfoma. Ikiwa ni ya zile chembe zinazotengeneza kingamwili, ni mieloma, ambayo hutafuna mifupa na kuharibu figo. Kila moja ina matawi yake, na matawi hayo yana maana kubwa kwa habari ya leo, maana kemikali inaweza kuhusishwa na tawi moja na isihusishwe kabisa na la pili.

Dalili zake zimejificha nyuma ya maradhi tuliyoyazoea. Homa, uchovu na kupungukiwa damu tunasema malaria. Tezi shingoni, jasho la usiku na kukonda tunasema kifua kikuu, na wapo wagonjwa wa limfoma wanaomeza dawa za kifua kikuu miezi mingi kabla ya mtu kukata kinyama cha tezi na kukitazama kwenye hadubini. Maumivu ya mgongo kwa mzee wa miaka 60 tunasema ni jembe. Kwa hiyo hata kabla hatujauliza kazi, wapo wasioingia kwenye hesabu kabisa.

Habari ya kuwahusisha wakulima na saratani hizi ilianzia mbali na kwetu. Mwaka 1971 Samuel Milham, aliyekuwa akichunguza kumbukumbu za vifo katika majimbo ya Washington na Oregon nchini Marekani, aliandika kwamba wakulima wa huko walikuwa wakifa kwa lukemia na mieloma kupita ilivyotarajiwa. Lilikuwa jambo la kushangaza, kwa sababu wakulima wa nchi zile kwa jumla ni watu wenye afya kuliko majirani zao wa mjini. Wanavuta sigara kidogo, wanatembea, wananyanyua mizigo. Aaron Blair wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na wenzake walipokusanya tafiti za nchi mbalimbali mwaka 1992 walikuta picha ileile: wakulima wanaugua saratani chache kwa jumla, ya mapafu hasa, lakini saratani chache mahususi zinawazidi, na katika hizo chache, za damu zimo zote tatu.

Simulizi ninayoipenda zaidi, nanyi wa misitu itawagusa, ni ya Sweden kaskazini. Makampuni ya misitu huko yalitaka misonobari ikue haraka, na miti ya majani mapana, hasa betula, ilikuwa ikiisonga miche. Wakatumia mchanganyiko wa viuagugu viwili, 2,4-D na 2,4,5-T, uliopuliziwa kwa ndege na kwa mabomba ya mgongoni. Katika miaka ya 1970 daktari kijana wa saratani katika mji wa Umeå, Lennart Hardell, akaanza kuona wanaume wa msituni wenye uvimbe usio wa kawaida. Akawauliza kazi zao, kisha akafanya utafiti wa kuwalinganisha wagonjwa na watu wasio wagonjwa. Mwaka 1979 alitoa matokeo kuhusu saratani za nyama laini, na mwaka 1981 kuhusu limfoma: waliofanya kazi na viuagugu vya jamii ile walikuwa na uwezekano takriban mara tano wa kuwa miongoni mwa wagonjwa. Sweden ilikuwa imeshaacha kutumia 2,4,5-T tangu 1977. Dawa hiyo ilikuwa na uchafu wa kiwandani unaoitwa dioksini, ambao mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliuweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ni mchanganyiko uleule ambao jeshi la Marekani liliumwaga juu ya misitu ya Vietnam kwa jina la Agent Orange, na leo Marekani huwalipa askari wake wa vita ile wanaougua limfoma, mieloma au lukemia sugu ya limfu bila kuwataka wathibitishe siku wala mahali waliponyeshewa.

Hardell hakuachwa salama. Mwaka 1985 tume ya Australia iliyokuwa ikichunguza madhara ya Agent Orange ilipokea barua ya Sir Richard Doll, mmoja wa wale walioonyesha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, mtu ambaye neno lake kwenye fani hii lilikuwa na uzito kuliko la mwingine yeyote. Doll alisema kazi ya Hardell haistahili tena kutajwa kama ushahidi wa kisayansi. Mwishoni mwa 2006, Doll akiwa ameshafariki, nyaraka zikafichua kwamba katika miaka ile alikuwa mshauri wa kulipwa wa Monsanto, waliokuwa watengenezaji wa 2,4,5-T, kwa dola 1,500 kwa siku. Sidai kwamba barua ile ilinunuliwa. Inawezekana kabisa aliamini kila alichoandika. Na haki itendeke: tafiti nyingi za baadaye zilipata uhusiano mdogo kuliko ule wa mara tano, pengine kwa sababu mgonjwa aliyelala kitandani akitafuta chanzo cha maradhi yake hukumbuka chupa nyingi kuliko mtu asiyeugua anayeulizwa kwa simu. Lakini wasomaji wa barua ile walistahili kujua nani anamlipa mwandishi.

Mwaka 1986 utafiti wa Kansas ukaongeza jambo ambalo mpaka leo naliona ndilo lenye manufaa kwa bwana shamba. Watafiti waliwauliza wakulima wametumia viuagugu siku ngapi kwa mwaka. Waliozidisha siku 20 walikuwa na hatari ya limfoma isiyo ya Hodgkin takriban mara sita ya wasiotumia. Hapo kipimo kikawa ni siku kwa mwaka, na siku ni kitu ambacho mkulima yeyote anaweza kuhesabu kwenye kalenda ya ukutani.

Ili kuliepuka lile tatizo la kumbukumbu za mgonjwa, mwaka 1993 Wamarekani walianza kuwafuatilia watu kabla hawajaugua: wapuliziaji wenye leseni wa Iowa na North Carolina, pamoja na wake zao, karibu watu 90,000. Wafaransa wana kundi lao, Wanorway lao. Makundi hayo matatu yalipounganishwa mwaka 2019, wakulima zaidi ya 300,000, matokeo yalikuja vipande vipande kama nilivyotahadharisha: terbufosi na limfoma kwa jumla, deltamethrini na tawi la lukemia sugu ya limfu, glaifoseti na tawi moja la limfoma kali. Nyongeza za hatari zilikuwa za wastani, si za mara tano wala sita. Kwa viuatilifu vingi vilivyopimwa, hawakuona uhusiano.

Najua wapo waliokuja kusikia habari ya glaifoseti tu, kwa hiyo niimalize. Machi 2015 IARC ilisema kiuagugu hicho "huenda kinasababisha saratani kwa binadamu", kundi la 2A, pamoja na malathioni na diazinoni. Mamlaka za usimamizi za Ulaya na Marekani hazikukubaliana nayo. Utafiti wa Iowa na North Carolina uliochapishwa 2018, wenye wapuliziaji 54,251 ambao zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliwahi kuitumia, haukuona ongezeko la limfoma kwa jumla. Kwa waliotumia zaidi ulionyesha dalili ya ongezeko la lukemia kali ya uboho, dalili ambayo kitakwimu haikufikia kiwango cha kuaminiwa. Mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama mjini San Francisco lilimpa Dewayne Johnson, mtunza viwanja vya shule aliyepata limfoma ya ngozi baada ya kupulizia glaifoseti, dola milioni 289, ambazo baadaye zilipunguzwa hadi milioni 20.5. Baraza la mahakama si maabara, na mjadala wa glaifoseti hautafungwa ukumbini humu. Kinachonisikitisha ni kwamba jina hilo moja limemeza mjadala wote. Lindeni, ambayo IARC iliiweka kundi la kwanza mwaka huohuo wa 2015 kwa sababu ya limfoma, haina kesi maarufu wala vichwa vya habari. Pentaklorofenoli, iliyokuwa dawa ya kuhifadhia mbao duniani kote, nayo imo kundi la kwanza kwa sababu hiyohiyo. Wanafunzi wa misitu, hilo ni lenu.

Sasa tuingie shambani, kwa sababu jedwali la kemikali halionyeshi dawa inaingiaje mwilini.

Mtazameni kijana anayepulizia nyanya. Anafungua chupa kwa meno. Anapima kwa kifuniko, anaongeza cha pili "kwa usalama", anachanganya na dawa ya ukungu na mbolea ya majani kwenye bomba moja la lita 16, anakoroga kwa kijiti, kikikatika anakoroga kwa mkono. Analibeba mgongoni. Mfuniko wa bomba umepoteza mpira wake siku nyingi, kwa hiyo kila hatua kwenye tuta inamwagia kidogo mgongoni. Maji yale hayabaki mgongoni. Yanashuka kwenye mkanda wa suruali, yanaingia ndani, yanakaa kwenye kinena, na atakaa nayo mpaka jioni. Nozeli ikiziba, anaivuta na kuipuliza kwa mdomo.

Mwaka 1971 Howard Maibach na wenzake huko California walichapisha vipimo vya kiasi gani cha kiuadudu parathioni hupenya ngozi ya binadamu sehemu mbalimbali za mwili. Kwenye mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ilipenya chini ya moja ya kumi ya kilichopakwa. Kwenye korodani ilipenya karibu yote. Nimeona mabango mengi ya usalama wa viuatilifu yanayoonyesha barakoa na glovu. Sijaona hata moja linalomwambia kijana abadilishe mpira wa mfuniko na avue suruali iliyolowa kabla hajala chakula cha mchana, ingawa mpira huo ni bei ya soda.

Ikishaingia, inafanya nini? Hapa Wafaransa wametusaidia sana. Katika tawi moja la limfoma, kipande cha kromosomu ya 14 na kipande cha kromosomu ya 18 hukatika na kubadilishana nafasi, na matokeo yake ni kuwashwa kwa jeni inayozuia chembe isife wakati wake ukifika. Watafiti wa Marseille na wenzao walipopima damu za wakulima wasiougua, walikuta chembe zenye ubadilishanaji huo ni nyingi zaidi kwa wale waliokuwa wakishughulika na viuatilifu. Huko Iowa na North Carolina, mwaka 2009, wanaume 678 wapuliziaji walipimwa hali inayotangulia mieloma, protini ya ziada kwenye damu isiyo na dalili yoyote. Walikuwa nayo karibu mara mbili ya wanaume wa wilaya moja ya Minnesota waliolinganishwa nao. Wengi wenye hali hizi hawatapata saratani kamwe. Lakini mnaona tunachokiona: alama ipo kwenye damu miaka mingi kabla ya homa ya kwanza, na siku mgonjwa atakapofika wodini, duka alilonunulia dawa litakuwa limeshafungwa.

Kuna pia kile ambacho hakimo kwenye lebo. Lebo hutaja kiambato amilifu, gramu kadhaa kwa lita. Kinachobaki, viyeyusho vya kuifanya dawa ikolee na ishike kwenye jani, mara nyingi hakitajwi kwa jina. Mkulima mmoja wa nafaka wa Lorraine, Ufaransa, aliugua mwaka 2002 ugonjwa wa uboho ambao kiyeyusho kiitwacho benzeni hujulikana kuuleta. Benzeni haikuwa kwenye lebo yoyote ya dawa zake. Familia ikazunguka kwenye mabanda ikikusanya dawa za zamani, ikazipeleka maabara, na benzeni ikaonekana. Mwaka 2006 mahakama ya Épinal ilikubali kwamba ugonjwa wake ulitokana na kazi. Ingekuwa rahisi kumwonyesha kama shujaa. Mimi naona aibu ya mfumo uliomwachia mgonjwa wa damu na jamaa zake kazi ya mkemia.

Benzeni hiyohiyo inanirudisha msituni. Ushahidi dhidi yake kwenye lukemia kali ni mzito, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa daktari aliyeuliza kazi: Muzaffer Aksoy wa Istanbul, ambaye mwaka 1974 alieleza wagonjwa 26 wa lukemia kutoka miongoni mwa mafundi viatu wanaokadiriwa kuwa 28,500, watu waliokuwa wakifanya kazi na gundi yenye benzeni ndani ya vyumba visivyo na madirisha ya kutosha. Petroli nayo ina benzeni. Injini ya chenso, kwa muundo wake, hutoa nje sehemu ya mafuta bila kuyaunguza, na mkataji anainama juu ya shina akiwa ameuelekeza uso kwenye moshi ule kutwa. Huko Mufindi, kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill na mashamba ya watu binafsi yanayoizunguka, watu hutumia chenso msimu hadi msimu. Sogea karibu wakati wa kujaza mafuta. Kidumu cha lita 20, mpira wa plastiki, na kijana anavuta petroli kwa mdomo mpaka iguse ulimi wake, anatema, anaingiza mpira kwenye chupa ya kuchanganyia oili. Hilo halihitaji utafiti mpya. Linahitaji faneli.

Sitaki mdhani hatari zote za kwetu ni za bomba na kidumu. Vikuge, Kibaha mkoani Pwani, palihifadhiwa viuatilifu vilivyoletwa nchini kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, vingine vikiwa vimeshapitwa na muda wake wakati vinafika. Vilikaa kwenye banda la nyasi za mifugo. Watafiti walipopima udongo wa mahali pale walikuta sampuli yenye DDT hadi asilimia 28 na kemikali za jamii ya HCH, ambazo lindeni ni mojawapo, hadi asilimia 6. Asilimia, jamani, katika fani ambayo tumezoea kusema sehemu kwa milioni. Kilo moja ya udongo ule ilikuwa na zaidi ya robo kilo ya DDT. Ni msaada wa namna gani huo, mtajibu wenyewe.

Kila ninapofika hapa mtu huinua mkono: "Daktari, si wavae vifaa kinga?" Avae, anayeweza. Lakini someni Mwongozo wa Kimataifa wa FAO na Shirika la Afya Duniani kuhusu usimamizi wa viuatilifu. Unasema wazi kwamba kiuatilifu kinachohitaji vifaa kinga vyenye karaha, ghali au visivyopatikana kirahisi, kiepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na wafanyakazi wa nchi za joto. Maana yake ni kwamba kama dawa haiwezi kutumiwa na mtu aliyevaa fulana na kandambili saa sita mchana bila kumdhuru, kosa ni la aliyeiruhusu dukani. Aliyevaa fulana amevaa alichonacho. Mafunzo yetu ya usalama yameligeuza jambo hili miguu juu: tumesajili dawa kwanza, kisha tukamlaumu mkulima kwa kutovaa ovaroli ya mpira kwenye nyuzi joto 33.

Nije kwenye sheria, na hapa nitakaa kidogo. Juni 2015 Ufaransa iliingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kazi za kilimo jedwali namba 59, linalohusu saratani za damu zitokanazo na viuatilifu. Lilianza na limfoma isiyo ya Hodgkin. Mwaka 2019 likaongezwa lukemia sugu ya limfu na mieloma. Mkulima, au kibarua wa shamba, aliyefanya kazi na viuatilifu kwa miaka 10 akapata moja ya saratani hizo, sheria inachukulia kwamba kazi ndiyo iliyomuuguza. Haombwi kutaja ni chupa ipi. Mwaka 2020 wakaongeza mfuko maalumu wa fidia kwa waathirika wa viuatilifu. Wafaransa hawakungoja sayansi ifikie uhakika kuhusu kila mgonjwa, kwa sababu uhakika huo haupo: hakuna kipimo kinachoweza kuniambia limfoma ya Juma imetokana na dawa na ya Hamisi haikutokana nayo. Waliamua nani abebe mzigo wa shaka, na wakaamua asiwe mgonjwa.

Sisi tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Ni hatua kubwa, na nimewaona watu wakisaidiwa. Lakini msingi wake ni ajira. Mfanyakazi wa shamba kubwa la maua au la chai yumo. Kibarua anayepulizia shamba la mtu kwa ujira wa siku anaweza kuwamo kisheria, ila akiugua baada ya miaka 15 atamthibitisha vipi mwajiri wake, na kwa karatasi gani? Na mkulima mdogo mwenye ekari mbili, anayepiga dawa mwenyewe, hana mwajiri. Amejiajiri, kwa hiyo mbele ya sheria ameugua peke yake. Wanasheria mliomo humu, Ufaransa walilivuka hilo kwa kuwajumuisha wakulima waliojiajiri kwenye bima yao ya kilimo. Sisemi tuinakili. Nasema swali "atalipa nani?" lina jibu pengine duniani, na ushuru kwenye viuatilifu vyenyewe ni mojawapo ya mahali pa kuanzia.

Na tusiwasahau wanawake, ambao tafiti nyingi za zamani ziliwaacha nje. Wanapalilia shamba lililopuliziwa jana, wanachambua nyanya zilizolowa dawa, na jioni ndio wanaofua ile suruali. Wakiugua, mstari wa "Kazi" kwenye faili huwa "mama wa nyumbani".

Kabla hamjaniambia kwamba utafiti ni ghali, nitawakumbusha jambo lililotokea katika ukanda wetu huu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, Denis Burkitt, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto, ambao leo unajulikana kama limfoma ya Burkitt. Alitaka kujua unapatikana wapi na haupatikani wapi. Alituma maswali na picha kwa hospitali za Afrika, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari wakazunguka karibu kilomita 16,000 kutoka Uganda kwenda kusini, hospitali hadi hospitali, wakiuliza: mmemwona mtoto wa namna hii? Ramani aliyoichora ilifuata joto na mvua, ikaelekeza kwenye malaria. Na vipande vya uvimbe alivyovipeleka London ndivyo ambamo Epstein na wenzake waliona kirusi mwaka 1964. Ugunduzi mmoja mkubwa kabisa katika saratani za damu ulianzia Afrika Mashariki, kwa dodoso na gari chakavu.

Kwa hiyo nimeleta dodoso. Ni la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Umelima mazao gani, na miaka gani? Ulipiga dawa mwenyewe? Siku ngapi kwa mwaka? Unakumbuka rangi ya chupa au picha ya lebo, hata kama jina umelisahau? Umewahi kukata miti kwa chenso, kupaka nguzo au mbao dawa, kuogesha ng'ombe kwenye josho? Nguo za kazi zilifuliwa na nani? Wenzangu wawili wa wodi za damu wamekubali kuliambatisha nyuma ya ule ukurasa wa mbele wa faili. Wanafunzi mnaokwenda mafunzo kwa vitendo Juni, nawaomba mlijaribu kwa wakulima wazima, kwa sababu mgonjwa bila wa kulinganishwa naye hatufikishi popote. Maafisa ugani, nanyi mna lenu: daftari la mpuliziaji, tarehe, dawa, zao, eneo, likae na mkulima mwenyewe, si ofisini kwenu. Nakala ziko mezani pale mlangoni, karibu na maji. Sasa nisikie maswali yenu, tukianza na wakulima.